Ugonjwa wa Kutaka

Mwezi wa Mei 2024, ndani ya siku chache tu, kaunti tatu za Pwani zilipiga marufuku muguka. Mombasa ilianza, Kilifi ikafuata, halafu gavana wetu Andrew Mwadime naye akaufungia mlango hapa Taita Taveta. Kelele zikawa nyingi. Wakulima wa Embu walilia riziki yao, Mahakama Kuu ya huko ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi, na Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria za taifa.

Kwenye mabishano yale yote kuna jambo moja ambalo sikusikia mtu akilitaja. Muguka haujawahi kuwa na bango. Hauna wimbo wa redio, hauna mwanasoka wa kuushika na kutabasamu, hauna hata jina la kampuni. Ni majani yanayosafirishwa usiku kutoka Embu, na yakishuka Voi yananunuliwa na vijana ambao babu zao hawakuyajua kabisa. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza karibu na steji ya magari ya Mwatate, "Mama, hii kitu unaitangazaga wapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anapumulia wapi. "Nitangaze ya nini, mwanangu? Wenyewe wanajua."

Swali langu lilikuwa la kikazi. Mimi huandika maneno ya matangazo. Si ya makampuni makubwa: saluni, duka la simu, fundi wa makochi, hoteli moja ya pilau kando ya barabara ya Mombasa. Wananilipa kwa M-Pesa, wakati mwingine kwa pilau. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo ninachojua kuhusu kushawishi watu nimejifunza kwa kuangalia kipi kimeuza na kipi kimelala. Na kila nikikaa na vijana wenzangu, mtu akishajua kazi yangu lazima lile swali litoke: nyinyi watu wa matangazo mnatutia hamu ya vitu tusivyovihitaji, ama mnaikuta hamu ipo, mnaionyesha njia ya dukani tu?

Wengi wanaouliza wana jibu tayari. Wale wa upande mmoja wanaamini tangazo ni uchawi, mtu analala bila shida na anaamka anataka simu ya laki moja. Wenye biashara nao wanakuambia wao ni watu wa kuonyesha tu, kama mtu anayewasha taa chumbani. Viti vilikuwa humo tangu mwanzo. Nimechoka kujibu kwa mkato. Na bahati nzuri sihitaji kwenda New York kutafuta ushahidi, kwa sababu milima hii yetu inao, tena wa ajabu kuliko wa vitabuni.

Tuanzie Taveta, kwenye msitu wa mto Lumi, karne ya 19. Kabla ya reli, misafara ya kutoka pwani ilitua hapo kula, kupumzika na kujipanga kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Mwaka 1883 akafika Mskoti mmoja kijana, Joseph Thomson, ametumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Wapagazi wake walibeba shanga, nguo na waya. Ukiisoma hadithi hiyo kwa haraka unamwona mtu wa Ulaya amekuja na bidhaa za viwandani kuwatia tamaa watu ambao hawakuzijua. Kumbe kazi kubwa iliyowakalisha watu wake Taveta ilikuwa kuzifungua shanga na kuzitunga upya, maelfu ya nyuzi, kwa urefu ule ambao Wamaasai waliukubali. Uzi mfupi haukununua kitu. Rangi ambayo haikuwa ya msimu haikununua kitu. Baadaye ikambidi Thomson arudi mbio Mombasa kuongeza bidhaa, kwa sababu alizokuja nazo hazikutosha kwa nchi ile.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa nguo. Ile merikani iliyovaliwa Afrika Mashariki nzima ilipata jina lake kwa kutoka Marekani, hasa kupitia wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliukata mkondo huo, na walioleta nguo kutoka kwingine walikuta mnunuzi anaipima kwa vidole: uzito wake, ukavu wake, rangi yake. Viwanda vya Bombay baadaye vilijifunza kuiga merikani kwa sababu mtu wa bara hakutaka nyingine. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ana kitabu kizima, cha mwaka 2008, kinachoonyesha jinsi matakwa ya watu wa huku yalivyozisukuma karakana za mabara mengine. Muuzaji ndiye aliyekuwa akiomba kuambiwa.

Hapo wale wa upande wa taa wanaweza kushangilia, lakini wangoje kidogo. Richard Burton, aliyepita njia ya kusini kwenda Ziwa Tanganyika na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, anasema biashara ile ilikuwa na aina kama 400 za shanga. Moja, ushanga mdogo mwekundu wenye moyo mweupe, iliitwa samesame. Na ilikuwa na majina ya utani. Jina moja maana yake ilikuwa ni ushanga unaomaliza chakula, maana mtu angeutoa mlo wake aupate. Jingine alilifasiri kuwa ni mvunja-miji, kwa sababu wanawake walipagawa nao. Sasa nani alitunga majina hayo? Ushanga haukutoka kiwandani Ulaya ukiitwa mvunja-miji. Hayo ni maneno ya njiani na sokoni, ya watu waliokuwa na mzigo wa kuuza na waliokuwa wakiutaka, yakipita mdomo hadi mdomo. Kama mtu wa kazi hii, nalivulia kofia jina hilo. Sijawahi kuandika neno moja zuri hivyo.

Kwa hiyo tangu hapo, kabla hajatokea mtu yeyote wa kujiita mtaalamu wa matangazo, ladha ilikuwa ya mnunuzi na upepo wa kuupuliza moto ulikuwa wa muuzaji.

Kisha ikaja serikali, na yenyewe haikuwa na subira ya kupuliza. Reli ilifika Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, ile reli ya simba wa Tsavo ambayo wageni wote wanaijua. Mwaka 1901 ikaja kodi ya nyumba, mwaka 1910 kodi ya kichwa. Masetla na maofisa walikuwa wakilalamika waziwazi kwamba Mwafrika ana mahitaji machache mno, hivyo haoni sababu ya kufanya kazi ya mshahara mwaka mzima. Mtu wa Sagalla au Mbololo alikuwa na shamba, mbuzi, na pombe ya miwa kwa ajili ya kutasa, ile ibada ya kutema kinywaji huku ukiiondoa hasira moyoni. Senti hakuwa na haja nayo. Kodi ikampa haja. Nikitaniwa kwamba kazi yangu ni kulazimisha watu, huwa nawakumbusha kwamba kodi ndiyo tangazo pekee ambalo ukilipuuza unafungwa.

Pesa ilipatikana kwenye reli, kwenye mashamba ya mkonge ya Voi na baadaye Mwatate, na Mombasa. Waliokwenda walikuwa wanaume. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakatandika reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta, na kwa hivyo kufikia katikati ya karne, mwanamke aliyekuwa akilima mlimani angeweza kusimama shambani mwake akaisikia dunia ya pesa ikipita huko chini bondeni, ikipiga filimbi.

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kati ya mwaka 1950 na 1952, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeitwa Grace Harris aliishi milimani Taita kufanya utafiti. Mwaka 1957 akachapisha makala katika jarida la American Anthropologist kuhusu kitu ambacho wenyeji walikiita saka. (Kwa Kiswahili kusaka ni kutafuta kwa bidii, kuwinda. Sidai kwamba maneno haya mawili ni ndugu, ila nilipoliona neno nilisisimka.)

Saka ilikuwa hivi. Mwanamke aliyeolewa, mzima wa afya, ghafla anaanza kutetemeka. Mabega yanaruka, kichwa kinatikisika, macho yanafumba au yanakodoa, wengine wanazimia. Kilichoianzisha huenda ni kitu kidogo tu: mtu kawasha kiberiti, gari limepita, filimbi ya treni imelia. Au ni kitu anachokitaka na hajakipata: sukari, ndizi, sigara, kitambaa. Wengine walitaka vitu vya kushangaza zaidi, kama kunywa maji yaliyooshewa nguo ya mume, au kuonja damu ya mume tone moja mawili. Dawa ilikuwa kumpa alichokitaka. Ikishindikana inachezwa ngoma, hadharani, na wanawake wenye saka wanaingia uwanjani wamevaa kofia nyekundu za tarabushi, mikanda ya risasi ya kuvuka kifua, na fimbo za wanaume mkononi. Wamisheni nao walikuwa na dawa yao, yaani kuokoka. Harris anasema katika baadhi ya sehemu wake waliowahi kupatwa walifika karibu nusu.

Soma tena ile orodha taratibu. Gari, kiberiti, treni, sukari, sigara. Hizi ni bidhaa na mitambo, nyingi zikiwa zimeingia ndani ya umri wa mtu mmoja. Na tangazo halipo. Gazeti la Baraza lilikuwepo tangu 1939, na ndani yake matangazo, lakini si kwamba mwanamke wa Mgange au Werugha alikuwa akilipokea kila wiki. Hakuna aliyemwambia sukari ni utamu wa maisha ya kisasa. Aliiona tu, kwa jirani ambaye mumewe alirudi kutoka Mombasa, na mwili wake ukatetemeka.

Nimewauliza wazee kadhaa wa ukoo wetu kuhusu saka. Wanaume wanacheka. Bibi mmoja alisema, "Hiyo ilikuwa ya zamani," kisha akaanza kunieleza bei ya mbolea.

Maelezo ya Harris mwenyewe hayana uchawi. Ardhi ilirithiwa na wanaume. Mifugo ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mshahara ulikuja mfukoni mwa mwanamume. Mwanamke alilima chakula cha nyumba nzima, lakini kitu chochote cha dukani ilibidi kipitie kwa mumewe. Halafu jamii hiyo hiyo ikasema kwamba wanawake ndio watu wa kutaka-taka, hawajui kujizuia. Saka ilichanganya yote mawili: ilithibitisha ile dharau, na papo hapo ikamfikisha mwanamke kwenye sukari. Mume ambaye mkewe ameanguka mbele za watu kwa kukosa robo ya sukari angefanya nini? Angetoa senti.

Mwanaanthropolojia I. M. Lewis, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu watu wanaopandwa na pepo, aliichukua saka kama mfano mzuri wa silaha ya mnyonge. Nakubaliana naye. Ila kuna kitu kinanisumbua katika namna hadithi hii inavyofungwa. Tunasema mwanamke alitaka sukari, akapewa sukari, akapona. Mbona basi kwenye ngoma hakuna aliyebeba sukari? Walibeba risasi na fimbo. Walivaa vitu vya mtu anayesafiri, anayeamrisha, anayerudi nyumbani na pesa. Mimi nasoma hivi: sukari ilikuwa ndiyo sehemu ya hamu hiyo ambayo mume angeweza kuinunua. Kumpa mkewe neno juu ya ng'ombe wa kuuzwa, au kipande cha ardhi kwa jina lake, kungekuwa ghali mno. Sukari ilikuwa rahisi, na kila mtu alilala.

Sasa sikiliza kioja. Makala ya saka ilitoka 1957. Mwaka uliofuata, mwanauchumi wa Harvard John Kenneth Galbraith alitoa kitabu chake The Affluent Society, na humo ndimo lilimo lile swali ambalo vijana wa Voi huniuliza. Na mfano alioutumia ni wa mapepo! Tuseme, anasema Galbraith, kuna mtu anaamka kila asubuhi akivamiwa na mashetani wanaomtia uchu, leo wa mashati ya hariri, kesho wa vyombo vya jikoni. Tungekuwa na haki ya kuwasifu wanaomtafutia vitu hivyo ili atulie. Lakini je, ikiwa hao wanaomtafutia ndio waliowafuga mashetani? Hapo huwezi tena kusema kiwanda kinakidhi haja za watu, maana kiwanda na tangazo lake ndivyo vinavyozizaa haja hizo. Sidhani kama alikuwa na habari za Taita. Kwake yalikuwa mapepo ya mfano. Kwetu yalikuwa na ngoma yake.

Aliyemjibu vizuri zaidi ni Friedrich Hayek, mwaka 1961, na jibu lake ni fupi. Hamu ambazo tunazaliwa nazo, alisema, ni chakula, malazi na ngono. Nyingine zote tunajifunza kwa kuwaona wengine wakifurahia. Hakuna mtu aliyezaliwa akitamani riwaya. Mwandishi aliandika ndipo watu wakaitaka. Je, tuseme riwaya haina thamani? Kwamba hamu imetoka nje yako haimaanishi kwamba si yako, wala si ya maana.

Ukiweka saka kati ya wazee hawa wawili, Hayek anachukua raundi ya kwanza bila jasho. Hamu ya sukari ilijifunzwa kwa kuona, na iliwashika watu hadi mifupani bila kampuni yoyote kulipia bango. Wanaodhani tukiyaondoa matangazo tutarudi kuwa watu wenye kuridhika na viazi waende wakazungumze na yule mama wa muguka.

Lakini Galbraith hajaanguka. Swali lake zuri lilikuwa ni nani amewafuga mashetani, na Taita hilo lina majibu yenye tarehe. 1901, 1910, reli, mkonge, mshahara unaolipwa mume peke yake. Hayo yalijenga nyumba ambamo mtu mmoja ana pesa na mwenziwe ana macho tu. Muuza sukari hakuijenga nyumba hiyo. Alifungua duka mlangoni.

Tangu niisome saka, ninaona kazi yangu kwa namna nyingine. Tangazo kwa kawaida halizai hamu. Linachofanya ni kuikuta hamu kubwa isiyo na jina, pengine ya heshima, ya kuonekana, ya kupumua mwisho wa mwezi, na kuipa jina dogo lenye bei. Lile jina dogo linakaa. Mama zetu wakikutuma dukani wanasema blueband hata kama ni siagi ya kampuni nyingine, na omo ni sabuni yoyote ya unga. Kampuni ya East Africa Industries iliuza vitu hivyo miaka mingi, na magari ya sinema yakazunguka vijijini yakionyesha filamu za bure usiku, katikati yake sabuni na mafuta ya kupikia. Wazazi wetu waliutaka usafi na chakula kitamu kabla ya gari lile kufika. Baada ya kupita, usafi ulikuwa na pakiti.

Si kila mara huo ni ubaya. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tangazo lake lilihimiza jambo moja tu, kutuma pesa nyumbani. Nani alihitaji kufundishwa hilo? Mtu wa Wundanyi anayefanya kazi Mombasa alikuwa akituma pesa kwa dereva wa basi, kwa binamu, kwenye bahasha ndani ya mkoba wa mtu anayemwamini nusu. Hamu ilikuwa imesimama barabarani na mzigo kichwani. Kampuni ikapaka vibanda rangi ya kijani kutoka Voi hadi Taveta na ikasema: pita hapa. Kama matangazo yote yangekuwa hivyo ningelala vizuri.

Tatizo langu ni kamari.

SportPesa ilianza hapa Kenya mwaka 2014, na baada yake zikaja nyingine hadi ukashindwa kuhesabu. Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll iliwahoji kwa simu vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi kadhaa za Afrika, na Kenya ikaongoza: asilimia 76 ya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza. Mwaka 2019 bodi ya kudhibiti kamari ilijaribu kuyazima mabango na watu mashuhuri, kisha leseni za makampuni 27 zikakataliwa kuendelezwa. Walirudi. Aprili 2025, baada ya kile kindege cha Aviator kuingia kwenye kila simu, bodi ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30.

Mtu wa upande wa taa atasema: kijana asiye na kazi anataka pesa, hamu hiyo hamkuizaa nyinyi. Ni kweli, sikuizaa. Ukienda Voi saa nne asubuhi siku ya kazi utaihesabu hamu hiyo kwa vichwa, imekaa juu ya bodaboda zisizo na abiria. Lakini tuitazame bidhaa yenyewe. Sukari ni tamu hata ikiwa imefungwa kwenye gazeti kuukuu. Muguka unafanya kazi yake mwilini hata muuzaji akiwa bubu. Ndiyo maana sheria ya tumbaku ya 2007 ilipoyafuta matangazo ya sigara, sigara zenyewe hazikwenda popote. M-Pesa, pesa inafika ama haifiki. Kamari unaishika wapi? Kinachouzwa pale ni dakika za kuamini kwamba leo ni siku yako, na imani hiyo imetengenezwa kwa maneno, kwa picha ya mshindi, kwa ujumbe unaoingia saa ambayo mtu hajala. Ukiyatoa maneno, dukani hakuna kitu kwenye rafu. Mama wa muguka hanihitaji. Mtu wa kamari bila mtu kama mimi hana bidhaa.

Kwa hiyo nikiulizwa tena lile swali nitauliza na mimi: unauza nini, na sehemu gani yake ni maneno? Kadiri sehemu hiyo inavyokua, ndivyo Galbraith anavyozidi kuwa na haki na Hayek kupungukiwa. Riwaya nayo ni maneno matupu, najua, Hayek angenikumbusha hapo. Ila riwaya hukulipia mara moja, ikakuacha na riwaya.

Mwaka jana kampuni moja ya kamari, ambayo haitatajwa hapa, ilinitafuta kupitia rafiki. Walitaka jumbe 30 fupi za Kiswahili cha mtaani, kwa ajili ya vijana wa Pwani, kila mwezi. Malipo yalizidi ya saluni na pilau vyote vikijumlishwa. Maelekezo yao yalikuwa mafupi na, nikiri, yalikuwa ya mtu anayeijua kazi. Nisieleze mchezo. Nisitaje hata timu. Niandike kuhusu kodi ya nyumba, karo ya mdogo wako, na mama aliyelazwa, halafu mwishoni niweke namba ya kutuma shilingi 20.

Nilikataa. Kazi ilipata mtu mwingine, na jumbe zake nimezisoma kwenye simu ya ndugu yangu mdogo. Ameandika vizuri.